Jinsi Tulivyoifundisha Kompyuta Kutamka Ng'ang'a

Siku niliyorudisha funguo za chumba cha kompyuta, vijana wa kitengo waliniomba niwaachie maelezo yaliyoandikwa. Najua walichotaka ni nywila. Nywila zimo kwenye bahasha ya kaki ndani ya droo ya pili, na tafadhali zibadilisheni upesi, maana mbili kati ya hizo ni jina la mbwa wangu. Haya hapa ni maelezo mengine. Sitaeleza nilivyopanda vyeo, kwa sababu sikupanda sana. Mshahara nao kila mtu anaujua ulivyokuwa. Nataka kuwaeleza kazi moja tu, iliyonichukua wiki sita na ambayo ndiyo ninayoikumbuka kila nikiulizwa nilikuwa nikifanya nini katikati ya jiji miaka yote ile.

Nilianza kazi nikiwa sijui kitu. Nilikuwa na cheti, lakini cheti hakifungui mashine. Asubuhi ya kwanza niliingia ghorofa ya sita nikiwa nimevaa blauzi nyepesi, sikuambiwa kwamba chumba cha kompyuta hupozwa kama bucha. Mkuu wa kitengo, Bwana Mutiso, alinitazama nikitetemeka, akanipa koti lake, bisibisi moja na daftari la kurasa mia mbili.

"Bisibisi utaipoteza," alisema. "Daftari usipoteze. Kabla hujagusa kitu, andika unachotaka kufanya. Ukimaliza, andika ulichofanya kweli. Utashangaa hivyo vitu viwili havifanani."

Bisibisi niliipoteza wiki ileile. Madaftari ninayo yote hadi leo, yako chini ya kitanda changu nyumbani, mtaa wa Satellite, na mengi ya haya nimeyatoa humo.

Bwana Mutiso ndiye aliyeniingiza kwenye mfumo huria. Kwa wale mliokuja juzi na mkaukuta, wakati ule haukuwa jambo la kawaida. Ni mfumo wa kompyuta usio na muuzaji: watu wa nchi mbalimbali huuandika, wengi kwa kujitolea, na yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuufungua na kuurekebisha. Bwana Mutiso aliupenda kwa sababu uliweza kuendesha mashine kuukuu ambazo ofisi nyingine zilikuwa zimezitupa. Mimi niliupenda kwa sababu ukikataa, unaweza kuingia ndani ukaangalia kwa nini. Ule mwingine wa kununua ukikataa unakuambia tu kwamba umekataa.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Katikati ya miaka ya elfu mbili, idara yetu ilibadilisha mtambo wa simu. Tangu nilipoajiriwa, simu zote zilipokelewa na Bwana Gideon Muchiri, opereta wa swichibodi, ambaye hakuona tangu utotoni kwa sababu ya surua. Alikaa chumba kidogo cha chini, karibu na lifti, na kichwani mwake alikuwa na namba za ndani za jengo zima. Ukipiga simu kutoka nje ukasema unamtafuta "yule mama wa pensheni mwenye sauti ya chini," Bwana Muchiri alikuunganisha na mama huyohuyo. Swichibodi ya zamani ilikuwa na vijiti vidogo vilivyoinuka simu ikiingia, naye alivipapasa akajua laini ipi inaita.

Mtambo mpya haukuwa na vijiti. Ulikuja na kompyuta, na kwenye skrini ya kompyuta kulikuwa na picha nzuri za rangi. Simu ikiingia, picha inawaka. Unaibofya kwa kipanya, unabofya jina la unayemtaka, basi.

Nilishuka siku ya tatu baada ya mtambo kufungwa. Nilimkuta Bwana Muchiri amekaa wima, kipanya kiko mkononi mwake kimegeuzwa tumbo juu, anakipapasa.

"Madam Rispa," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Umejuaje ni mimi?"

"Hizo funguo zako. Ni wewe tu unatembea na mlio kama askari wa jela." Alikiweka kipanya mezani. "Wale jamaa wa mtambo wameniambia nibonyeze picha ya simu ya kijani. Nimewauliza, kijani inakaa upande gani?"

"Wakasemaje?"

"Wakanyamaza. Halafu nikaletewa barua. Inasema nafasi yangu itaangaliwa upya. Madam, nimekaa hapa miaka ishirini na mbili. Mtu wa serikali akiambiwa ataangaliwa upya, ajue ameshaangaliwa."

Alicheka, lakini hakuwa anacheka. Mkono wake ulikuwa unatafuta mezani mahali vijiti vilipokuwa.

Nilipanda moja kwa moja hadi kwa Bi. Karimi, afisa wa utawala. Sikuwa na mpango wowote. Nilijua tu kwamba nikirudi kwanza mezani kwangu nitapoa. Bi. Karimi hakuwa mtu mbaya, na nasema hivi kwa sababu hadithi za namna hii hupenda kuwa na mtu mbaya.

"Rispa, nifanye nini?" aliniuliza. "Mtambo ushafungwa. Nikaung'oe?"

"Nipe muda nimtafutie njia ya kuutumia."

"Haoni, Rispa."

"Kompyuta inaweza kumsomea. Kuna programu za kusoma skrini. Inasema kwa sauti kile kilichoandikwa."

Alifunua kalenda yake ya mezani. "Kamati inayoangalia nafasi inakutana baada ya wiki sita. Siku hiyo akiweza kupokea simu mbele yao, mimi mwenyewe nitairudisha hiyo barua kwenye faili. Asipoweza, naipitisha. Usije ukaniambia sikukuambia."

Wazo la kwanza lilikuwa kununua. Kisoma skrini cha kununua kilikuwepo na kilisifiwa. Niliandika ombi, likarudi baada ya siku nne na mhuri wa kusema hakimo kwenye makisio ya mwaka. Nililipeleka kwa Bwana Mutiso. Alilisoma, akaligeuza nyuma kuona kama pana nafasi ya kuandikia, akalitia kwenye rundo la karatasi chakavu.

"Huo mfumo wetu wa bure una kisoma skrini?" aliuliza.

"Unacho. Sijawahi kukitumia."

"Basi kitumie. Ukishindwa tutasema tulijaribu. Ukifaulu, watasema lilikuwa wazo lao. Vyote viwili tutavumilia."

Nilichukua mashine moja iliyokuwa imekaa stoo, nikaweka mfumo, nikaweka kisoma skrini, nikaweka ile programu nyingine inayotoa sauti yenyewe. Maana hivi ni vitu viwili, na vijana wengi huvichanganya: kisoma skrini huamua nini kisomwe, programu ya sauti ndiyo hutamka. Niliwasha. Kimya. Nikasoma maelezo upya. Kimya. Siku tatu nzima daftari langu lina neno hilo hilo: kimya, kimya, kimya. Na hapo nikaelewa jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Mimi nilikuwa naona kwenye skrini kwamba mashine ni nzima, ni sauti tu iliyokosekana. Kwa Bwana Muchiri, mashine isiyo na sauti na mashine iliyokufa ni kitu kimoja.

Shida ilikuwa kadi ya sauti. Ya mashine ile ilikuwa ya aina ambayo mfumo haukuitambua. Nilitembea hadi River Road saa ya chakula, nikapanda ngazi kati ya duka la kuchapisha kadi za harusi na duka la mabomba, hadi kwa jamaa mmoja aliyeuza vipuri vya mitumba ndani ya makarai ya plastiki.

"Sasa mathe," alinisalimu, akiniita mama kwa lugha ya vijana. "Unataka ya gemu ama ya muziki?"

"Nataka ya kusoma."

"Kusoma nini?"

"Simu."

Alinitazama kama mtu aliyechoka na jua, kisha akachomoa kadi moja ya kijani, akaipuliza vumbi. "Chukua hii. Ni ya kitambo, lakini hizo za kitambo hazisumbui. Ikikataa nirudishie. Lakini usilete Jumatatu, Jumatatu sikuangi hapa."

Haikukataa. Alhamisi saa tisa alasiri, mashine ilizungumza. Ilisema neno moja la kukaribisha, kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu aliyefungiwa ndani ya debe. Nilishuka ngazi kwa miguu, lifti niliiona inachelewa, nikamshika Bwana Muchiri mkono nikampandisha. Alikaa mbele ya mashine, akavaa hedifoni, nikaanza kumwonyesha. Alibonyeza herufi, mashine ikaitaja. Akabonyeza nyingine. Aliandika jina lake lote, herufi kwa herufi, kisha akalisikiliza. Aliandika la mkewe. Hatimaye akavua hedifoni.

"Huyu mzungu ana mafua," alisema. "Lakini anafanya kazi. Nimempenda."

Nilidhani sehemu ngumu imekwisha. Hii ni dhana ambayo imenigharimu mara nyingi kazini.

Ile programu ya picha iliyokuja na mtambo haikukubali kufanya kazi kwenye mfumo wetu, na hata ingekubali, picha haisomeki. Niliwapigia waliotufungia mtambo. Fundi wao alikuwa mwungwana, akaniambia hakuna aliyewahi kuomba jambo kama hilo. Basi nikaomba kitabu cha mtambo, nikakisoma chote, jioni mbili. Kwenye kurasa za mwisho, ambako watu huweka vitu wanavyodhani hakuna atakayevihitaji, paliandikwa kwamba mtambo una tundu la waya nyuma, na kupitia tundu hilo hutoa maandishi ya kawaida kila simu inapoingia: laini, namba, na jina kama ni simu ya ndani. Vilevile hupokea amri za maandishi za kuunganisha simu.

Maandishi ya kawaida! Nilikisoma kifungu kile mara tatu. Nilinunua waya, nikauunganisha, na kwenye skrini nyeusi isiyo na picha hata moja ikatokea mistari. Niliandika programu fupi ya kuipanga: simu moja, mstari mmoja. Opereta anaandika jina la mtu, programu inatafuta namba, anabonyeza Enta, simu inaungana. Haina rangi wala urembo. Ni programu mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika kwa kuitazama, na ndiyo ninayojivunia kuliko zote.

Nilipompa Bwana Muchiri aijaribu, nilikuwa nimeiwekea sauti mwendo wa pole sana, kwa huruma. Alisikiliza mistari miwili.

"Madam, mbona ananisomea kama mtoto wa nasari?"

"Nilidhani utataka kuelewa vizuri."

"Naelewa. Lakini akimaliza kusema huyu mtu ni nani, mtu mwenyewe atakuwa ameshakata simu."

Nikaongeza mwendo. "Ongeza," alisema. Nikaongeza. "Ongeza tena." Ilifika mahali mimi sisikii neno hata moja, nasikia mlio kama wa mafuta ya kukaangia, naye anaitikia kwa kichwa polepole, "Sasa hapo. Hapo anaongea." Niliandika daftarini: usimpimie mtu kasi yake.

Kilichobaki ni majina. Na majina ndiyo yaliyotaka kutushinda.

Sauti ile ilisoma majina yetu kwa Kiingereza. Wafula alikuwa kitu kama dawa ya meno. Nyambura alikatwa vipande vitatu. Ng'ang'a ndiye aliyepata taabu kuliko wote: kila ilipofika kwenye ile alama ya juu, mashine ilisimama, ikavuta pumzi, ikaanza neno jipya. "Huyo amechinjwa mara mbili," alisema Bwana Muchiri. Na katika jengo letu kulikuwa na akina Ng'ang'a saba. Opereta asiyejua ni nani anayepiga hawezi kazi.

Nilipochimba ndani ya programu ya sauti, niligundua kwamba ilikuwa na faili ya Kiswahili. Mtu fulani, sidhani aliwahi kukisikia, alikuwa ameianza na kuiacha. Ilikuwa faili ya maandishi tu: ukikuta herufi hizi, tamka hivi. Niliweza kuifungua. Niliweza kuirekebisha. Basi, si ndiyo maana ya huria?

Ofisini hapakuwa na utulivu wa kusikiliza, kwa hiyo nilibeba mashine hadi nyumbani. Bwana Muchiri alikaa Waithaka, si mbali na kwangu, na kwa Jumamosi nne mfululizo alikuja Satellite saa nne asubuhi na fimbo yake nyeupe. Nilimpokea stejini, mabasi yanaposimama, tukatembea pamoja tukipita kanisa ambalo kwaya yake ilikuwa ikifanya mazoezi ya wimbo mmoja mwezi mzima bila kuupata. Nilipika chai. Yeye alikaa sebuleni na hedifoni, mimi na kibodi, na mwalimu alikuwa yeye.

"Andika ngoma. Sasa andika ng'ombe. Unaona? Anasema kitu moja. Hizi ni tofauti, Mama Linda." Nyumbani kwangu aliacha kuniita Madam, akaniita kwa jina la binti yangu. "Ngoma inagonga hapa mbele. Ng'ombe inapita kwa pua."

Nilibadilisha kanuni moja, tukasikiliza. Ng'ombe akapona, lakini Mwangi akaharibika. Nikarekebisha Mwangi, Onyango akaanza kusimama mahali pasipofaa. Nilikuwa nimeongea Kiswahili maisha yangu yote bila kujua kwamba uzito wa neno hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Bwana Muchiri ndiye aliyeniambia, na hakuwa amesoma popote; alikuwa amelisikia tu. Majina ambayo si ya Kiswahili, ya Kikuyu na Kiluhya na Kijaluo, tuliyaandikia orodha yake peke yake. Yeye alitaja, mimi niliandika, na hakuwahi kuhitaji kitabu cha simu.

Jumatatu nilituma kazi yetu kwa barua pepe kwa mtu wa Ulaya aliyeitunza programu ile ya sauti. Sikutegemea jibu. Alijibu siku ya pili, kwa ufupi wa mtu mwenye shughuli: ile alama ya juu ni kituo au ni sehemu ya herufi? Nikamjibu, ni sehemu ya herufi. Akasema, nipe mifano ishirini. Nilimpigia simu Bwana Muchiri kule chini. Alinipa mifano arobaini bila kupumzika, akaniuliza kama yatosha ama aongeze.

Wiki moja kabla ya kamati, nilifanya kosa. Nataka mlisome hili polepole. Lilikuwa limetoka toleo jipya la mfumo, nami nikasoma kwamba limeboreshwa upande wa sauti. Mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Nikaiboresha. Ilipowaka tena, ilikuwa bubu. Kadi ya River Road haikuonekana, kisoma skrini hakikuanza, na programu yangu ya simu ilikuwa inatoa mistari ambayo hakuna wa kuisoma.

Nilikwenda kumwambia mwenyewe. Ningeweza kunyamaza na kujaribu kurekebisha kimyakimya, lakini ile ilikuwa kazi yake, si yangu.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Nani alikutuma uiguse?"

"Hakuna."

"Ilikuwa inauma mahali?"

"Haikuwa."

"Sasa Madam," alisema, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia amekasirika, "wewe ukikosea unaenda unakosea kwa mashine nyingine. Mimi niko na hii moja."

Nilirudi juu, nikafungua daftari, nikafuta mashine yote na kuanza upya kutoka ukurasa wa kwanza, hatua moja baada ya nyingine, kama nilivyoziandika. Ilinichukua siku mbili. Iliposema tena, nilimwita aje, naye akaomba jambo ambalo nilipaswa kuwa nimelifanya tangu mwanzo.

"Nifundishe kuiwasha nikiwa pekee yangu. Na ikinyamaza, nifundishe kuiamsha. Wewe usiguse kitu."

Tulifanya hivyo siku nne. Nilifunika skrini kwa gazeti ili nisipate kishawishi cha kusema "hapo juu" na "pale kulia." Alijifunza kuingiza jina na nywila bila kusikia chochote. Alijifunza amri ya kupandisha sauti kwa vidole, kama mtu anavyojua kufunga vifungo vya shati.

Siku ya kamati tulikuwa watu sita katika kile chumba cha chini: mwenyekiti, mzee mrefu asiyependa maneno mengi, wajumbe wawili, Bi. Karimi na faili lake. Bwana Muchiri mezani. Nami nimesimama ukutani. Bwana Mutiso alibaki juu. Alisema akija atasaidia, na akisaidia ataharibu.

Spika iliwekwa ili wote wasikie. Simu ya kwanza iliingia, mashine ikataja laini na jina, Bwana Muchiri akapokea na kuunganisha. Ya pili, ya tatu. Mwenyekiti alitoa simu yake ya mkononi akapiga kutoka palepale, akaomba kuunganishwa na mtu wa masjala. Akaunganishwa, akaongea na mtu wa masjala kidogo, akakata. Kisha alivuta kiti akakaa.

Hapo stima ikapotea, taa zote zikazimika.

Ilipotea kwa kitambo cha kupepesa macho, ikarudi. Mtambo wa simu ulikuwa na betri yake, haukujua kilichotokea. Kompyuta haikuwa na betri. Ilizimika, ikaanza kuwaka upya, na simu zikaendelea kuingia. Nilijua kitakachofuata: mashine ikizimika ghafla, haihifadhi kiwango cha sauti. Ingewaka nzima, lakini sauti iko chini kabisa. Nilitoka ukutani.

"Madam, rudi," alisema mwenyekiti. "Tunampima yeye."

Simu zilikuwa zinaita. Bwana Muchiri alikaa ameinamisha kichwa, anasikiliza kitu ambacho sisi hatukukisikia. Baadaye aliniambia alikuwa anasubiri diski ya ndani inyamaze, ndipo ajue mashine imemaliza kuwaka. Kisha vidole vikaanza. Jina. Nywila. Ile amri. Niliona kwenye skrini kwamba amekosea herufi moja. Mimi niliona, na yeye hakuweza kuona, na niliuma mdomo hadi nikahisi chumvi. Alibonyeza Enta. Kimya. Mjumbe mmoja alikohoa. Bi. Karimi alifungua faili, akalifunga.

Bwana Muchiri hakuhangaika. Aliweka vidole vyake upya kwenye kibodi, akavipanga kimoja kimoja, akaandika tena tangu mwanzo, polepole. Enta.

"LAINI YA PILI!" ilipiga kelele spika, maana aliipandisha hadi mwisho. "SIMU YA NDANI! NG'ANG'A, UHASIBU!"

Ililitamka lile jina kwa pua, sawasawa, ng' zote mbili.

Bwana Muchiri alipokea. "Bwana Ng'ang'a, habari ya asubuhi. Pole kwa kungoja, stima imetuchezea. Nikuunganishe na nani?"

Barua ilirudi kwenye faili. Iliandikwa nyingine ya kusema ataendelea kwa majaribio ya miezi mitatu. Miezi mitatu ilipita na hakuna aliyekuja kupima, kwa hiyo kwa mujibu wa karatasi, Bwana Muchiri alikuwa kwenye majaribio hadi alipostaafu. Kanuni zetu za Kiswahili ziliingizwa kwenye toleo lililofuata la ile programu ya sauti, zikasambaa kokote mfumo ule unakofika. Kwenye orodha ya waliochangia kuna jina la Gideon Muchiri na la Rispa, ila langu la pili wamelikosea, na sikuomba lirekebishwe. Nilikuwa nimechoka na majina. Waliokuja kwangu baadaye kutoka ofisi nyingine niliwawekea mashine kama ile. Moja, ya mama mmoja opereta, haikukubali hata tulipofanya nini, na sijui kwa nini hadi leo. Imo kwenye daftari la kumi na moja. Mwenye nguvu aitazame.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi si ile ya kamati. Ni miezi kadhaa baadaye, tulipokuwa tumeongeza barua pepe kwenye mashine yake. Alinipigia simu.

"Madam, shuka kidogo. Kuna kitu imeingia hapa."

Nilishuka. Ilikuwa barua kutoka kwa binti yake Wanjiru, aliyekuwa chuoni Eldoret. Nilivuta kiti nikakaa kando yake kwa mazoea. Miaka yote ile barua za Bwana Muchiri zilisomwa na yeyote aliyekuwa karibu: tarishi, mlinzi, mimi. Nilishamsomea barua ya hospitali huku watu wawili wanangoja lifti mlangoni. Nilishamsomea ya ndugu yake kuhusu shamba, kwa sauti, pamoja na matusi yake. Hakuna aliyeona ajabu. Nilinyoosha mkono kuwasha spika.

Mkono wake ulikuwa umeshazifikia hedifoni.

"Madam, usikasirike," alisema. "Hii nataka nisome pekee yangu."

Nilisimama, nikatoka, nikaufunga mlango. Kupitia kioo nilimwona akibonyeza, anasikiliza, anabonyeza. Mahali pamoja alicheka. Mahali pengine alirudi nyuma, akasikiliza palepale tena.

Lifti ilifunguka, akatoka tarishi na mafaili kifuani, akiwa na haraka. "Bwana Muchiri yuko ndani?"

"Yuko," nilisema, nikasimama mbele ya mlango. "Anasoma barua yake. Ngoja."